Mkalimani Asiyetoa Rai

Ungemuuliza mchele gani ununue, Mkalimani angekujibu kabla hujafunga mdomo. Mtandio wako ukikaa vibaya, angeuvuta mwenyewe na kukufunga upya, hapohapo mbele za watu. Alikuwa na la kusema juu ya chai ya jirani, juu ya basi la kupanda, juu ya bwana harusi ambaye hata hakupata kumwona. Lakini ukimwendea na jambo zito, la kukukosesha usingizi, alikutazama kwa utulivu wa mtu anayesubiri treni, kisha akakurudishia maneno yako mwenyewe bila kuongeza chumvi wala kupunguza.

"Umesema hujui usome nini," aliniambia mara ya kwanza nilipomwendea. "Umesema mama yako anataka unesi. Umesema wewe unataka sheria."

"Ndiyo, Anti. Sasa wewe unaonaje?"

"Mimi? Mimi ni mdomo tu, mwanangu. Kichwa ni chako."

Nikapanda ngazi kurudi kwetu nikisaga meno.

Tuliishi naye jengo moja Merrylands, magharibi mwa Sydney, yeye chini, sisi juu. Kazi yake ilikuwa kutafsiri Kiswahili kwenda Kiingereza na kurudi, mahakamani, hospitalini, na kwenye baraza linaloamua kesi za wapangaji na wenye nyumba. Jina lake alikuwa nalo, lakini watu wote walimwita Mkalimani, hata watoto waliojua Kiswahili cha kuelewa tu na kujibu kwa Kiingereza. Miaka yote hiyo aliwasikia mawakili wa kila aina. Alijua nani anajiandaa na nani anabahatisha. Ndiyo maana nilimng'ang'ania yeye. Katika jengo zima, na pengine kati ya watu wote wa pwani ya Afrika Mashariki niliowajua Sydney, hapakuwa na mwingine aliyewahi kukaa hatua mbili kutoka kwa hakimu bila kuwa mshtakiwa.

Na swali langu lilikuwa moja. Hapa kwetu, wenye alama za juu kabisa huingia sheria moja kwa moja kutoka sekondari, wakiichanganya na shahada nyingine. Alama zangu hazikufika. Njia iliyobaki ilikuwa nisome kwanza shahada nyingine, nimalize, ndipo niombe sheria. Shahada gani? Yoyote. Hilo ndilo neno lililonitesa. Nilimpigia mshauri wa wanafunzi, akasema yoyote, fuata unachokipenda. Nikahudhuria kikao cha maelezo mtandaoni, mama mmoja mwenye miwani akasema tunapokea watu kutoka fani yoyote, akatabasamu. Ukimwambia mtu ambaye baba yake na mama yake ni mawakili kwamba achague yoyote, umempa uhuru. Ukiniambia mimi, umenitupa sokoni na kuniambia ninunue kitu.

Nikaanza na uchumi. Muhula mmoja tu, korona ikaingia, vyuo vikafungwa, na mimi nikawa nasoma grafu kwenye kompyuta juu ya kitanda huku mdogo wangu akisoma darasa la sita upande wa pili wa kitanda hichohicho. Nikahamia kriminolojia, elimu ya uhalifu, kwa sababu ilisikika kama mlango wa pili wa sheria. Kila niliyekutana naye kwenye skrini alikuwa amefikiri vivyo hivyo.

Mama yangu alifanya kazi nyumba ya kutunzia wazee. Alirudi na alama za barakoa usoni kama mtu aliyelalia mkeka.

"Soma unesi, Salma," alikuwa akisema akivua viatu nje ya mlango. "Wagonjwa hawaishi. Mimi nakuona unahama kama paka na watoto wake."

Mkalimani naye korona ilimfungia nyumbani. Mahakama zikaanza kusikiliza kesi kwa simu, na yeye akawa anatafsiri akiwa jikoni kwake. Hapo ndipo nilipojua ukaidi wake ulivyo mpana. Kwa kuwa maneno ya watu ni amana, na kuta za jengo letu ni nyembamba, alikuwa akiweka redio karibu na mlango na kuifungulia sauti ya juu, jirani asije akasikia siri ya mtu. Redio ilisoma habari za kriketi. Mimi juu nilikuwa najaribu kumsikiliza mhadhiri akieleza nadharia za adhabu, na chini wachezaji wa kriketi wakitolewa mmoja mmoja. Nilishuka kumwomba apunguze.

"Umesema redio inakusumbua," alisema.

"Ndiyo, Anti."

"Basi funga dirisha. Na hilo gauni ulilovaa, nani kakwambia rangi ya haradali inakupendeza?"

Alikuwa amevaa koti lake la mahakamani, amejifukiza udi, na miguuni ana viatu vya visigino. Kwa kesi ya simu. Nilimuuliza nani atamwona, akajibu kwamba sauti ya mtu aliyevaa kandambili hujulikana.

Siri za kazi alizibeba mpaka zikachekesha. Alipokuwa bado akienda mjini, akirudi jioni tulimuuliza, "Leo kulikuwaje?" Naye, "Kulikuwa na mvua." Hata jua likiwaka. Kuna mtu alimletea paja zima la mbuzi kutoka machinjioni Auburn, akitaka kujua kaka yake alisema nini mbele ya hakimu. Mkalimani alilipokea, akalipika pilau, akamwalika yule bwana, akamlisha mpaka akashindwa kuinuka. Hakumwambia hata neno. Yule bwana aliondoka ameshiba na amekasirika, nami nilimwelewa sana.

Kitu kimoja tu kilimvuja. Siku ya kesi mbaya, au ya daktari aliyekuwa na habari mbaya kwa mtu, alitoka na ndoo akasugua ngazi za jengo zima, kuanzia kwake mpaka mlangoni kwetu, ingawa kulikuwa na mtu wa kusafisha. Tukisikia harufu ya dawa ya madoa tulinyamaza, tukapita pembeni.

Sasa niseme kasoro yake, kwa sababu alikuwa nayo na ilikuwa kubwa. Mkalimani alitoka upande wa Tanga, na alikiona Kiswahili chake ndicho Kiswahili, vingine vyote ni vya kusahihishwa. Kwenye ghorofa yetu kulikuwa na Mama Furaha, Mkongo kutoka mashariki, mama wa watoto wanne, aliyewalea pia watoto wa wenzake waliofanya kazi za maghala usiku na mchana. Mama Furaha alisema "batoto" na "bantu", akachanganya Kifaransa humohumo, na kila wakikutana mlangoni Mkalimani alimsahihisha.

"Watoto, Mama Furaha. Wa-toto."

"Ndiyo, batoto," Mama Furaha alimjibu, akacheka, akapita na mizigo yake.

Mimi nilikulia na watoto hao. Tulicheza uani, tukagombana, tukapikiwa sombe, kisamvu cha kwao, na mama yao. Kiswahili chao kiliniingia bila kusoma, kama wimbo wa jirani.

Kisha ikaja baridi ya mwaka wa pili wa korona, tulipofungiwa sana. Mitaa yetu ya magharibi ilipewa masharti ambayo watu wa ufukweni hawakupewa. Wao tuliwaona kwenye televisheni wamelala juani, sisi tukisikia helikopta juu ya paa na kuulizwa na polisi tunakwenda wapi na mfuko wa viazi. Sijui kama hasira niliyokuwa nayo miezi ile ilikuwa ya masomo au ya helikopta. Zote zilikaa kifua kimoja.

Katikati ya hayo, wakala wa mwenye nyumba akampeleka Mama Furaha barazani. Alidai ameigeuza nyumba kuwa biashara ya kulea watoto, na kwamba amemweka ndani mfanyakazi. Akataka atoke. Atoke aende wapi na watoto wanne, wakati hata kuvuka mtaa ni kosa, wakala hakusema.

Kesi ilisikilizwa kwa simu. Mama Furaha aliniomba nikae karibu, nami nikakaa kwenye ngazi, yeye akasimama mlangoni kwake, simu ikiwa kwenye kigoda katikati yetu. Mwamuzi akajitambulisha. Wakala akajitambulisha. Kisha tukasikia sauti ya tatu, na tukaisikia mara mbili, mara moja kutoka kwenye simu na mara moja kutoka chini ya miguu yetu. Alikuwa Mkalimani. Alisema palepale kwamba mpangaji ni jirani yake na kwamba ingefaa atafutwe mwingine. Mwamuzi akasema hapakuwa na mwingine siku ile, wakala hakupinga, wakaendelea.

Ilikwenda vizuri mpaka mwamuzi alipouliza nani mwingine analala pale.

"Yaya yangu eko analala ku salon," alisema Mama Furaha. "Ananisaidiaka na batoto."

Mkalimani akatafsiri bila kusita. Kwa Kiingereza safi kabisa, alimwambia mwamuzi kwamba kuna mlezi wa watoto aliyeajiriwa, analala sebuleni.

Kwetu pwani yaya ni mwanamke anayelipwa kulea watoto. Kwa Mama Furaha yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. Mwanamke aliyelala sebuleni alikuwa dada yake mkubwa, aliyenisuka nywele nikiwa na miaka kumi. Wakala tayari alikuwa anasema, "Kama mlivyosikia, amekiri mwenyewe."

"Si mfanyakazi!" Nilipaza sauti juu ya simu. "Yaya kwao ni dada mkubwa. Limetafsiriwa vibaya."

"Nani anayezungumza?" mwamuzi aliuliza. Nikasema mimi ni jirani, nasoma kriminolojia. Sijui kwa nini niliongeza hilo la pili. Akaniambia kwa upole wa kukata kwamba nisipokuwa sehemu ya kesi sina ruhusa ya kusema, na nikirudia atakata simu.

Kukawa kimya. Huko chini redio ikazimwa.

"Mkalimani anaomba ruhusa kumuuliza mpangaji maana ya neno moja," ikasema ile sauti. Wakalimani wakiwa kazini hujitaja hivyo, kana kwamba wanamsema mtu mwingine. Akaruhusiwa. "Mama, huyu yaya ni nani kwako?"

"Ni mwenye alizaliwa mbele yangu," alisema Mama Furaha, akishangaa kuulizwa. "Mama moja, baba moja."

"Mkalimani anaomba kusahihisha kumbukumbu. Mtu huyo ni dada mkubwa wa mpangaji, baba mmoja mama mmoja. Hajaajiriwa. Kosa ni la mkalimani, si la mpangaji."

Kesi ilimalizika kwa Mama Furaha kubaki. Aliambiwa apunguze watoto wa wenzake kwa wakati mmoja, akakubali, na wakala akaaga kwa sauti ya mtu aliyepoteza mwavuli. Mama Furaha alinikumbatia bila kujali masharti ya kukaa mbali. Jioni harufu ya dawa ya madoa ikajaa jengo zima.

Nilitegemea shukrani. Naona aibu kidogo kuandika, lakini nilikaa siku kadhaa nikisubiri Mkalimani apande aniambie nimefanya vizuri. Hakupanda. Nikamkuta kwenye kamba za nguo nyuma ya jengo, akianika shuka.

"Ulinikatiza," alisema bila kugeuka.

"Anti, Mama Furaha angefukuzwa."

"Ulinikatiza nikiwa kazini."

"Lakini nilisema kweli."

"Ulisema kweli." Akabana shuka kwa kibanio, kwa nguvu. "Ila neno halikuwa lako. Mama Furaha alikuwa pale, ulimi anao. Ungemwambia, 'Mama, hawajakuelewa, sema tena huyo ni nani.' Angesema mwenyewe. Wakala kamsemea, mimi nikamsemea vibaya, na wewe ukaja juu yetu wote ukamsemea kwa makelele. Mtu mmoja, sote watatu tumekaa juu ya kichwa chake."

"Na kama mwamuzi angeshaandika?"

"Yaliyoandikwa hufutwa. Nimefuta, hukusikia?"

Nilimwacha na shuka zake. Mpaka leo sijakubali kila alichosema. Yeye alikuwa na miaka mingi ya kujua nini kinafutika, mimi nilikuwa na ngazi baridi na mwanamke anayetetemeka mbele yangu. Lakini maneno yake hayakunitoka. Kilichonikera zaidi ni kwamba kwa mara ya kwanza alikuwa ameniambia jambo zito kutoka kichwani mwake, na alichagua liwe karipio.

Baadaye Mama Furaha aliniambia kwamba Mkalimani mwenyewe aliipigia ofisi iliyompangia kazi, akaeleza kosa lake lote. Hakuna aliyemlalamikia. Walimpunguzia kesi za baraza kwa muda mrefu. Siku hizo bila kazi alikuwa akiteremka uani na kiti chake, amefunika pua na mdomo, anakaa mbali na Mama Furaha na kumuuliza maneno. Mchumba kwenu ni nani? Na mke mnamwitaje? Bibi? Bibi yupi sasa, mke au nyanya? Aliuliza kama mtoto wa darasa la kwanza, akirudia kimoyomoyo. Halafu Mama Furaha akisema "batoto", alimsahihisha vilevile, bila haya.

Nikiwatazama kutoka dirishani, ndipo nilipojua ninachotaka kusoma. Nilikuwa nimeona neno moja likikaribia kuiondoa familia nyumbani, na hakuna hata mhadhara mmoja kati ya niliyosikiliza kitandani ulionigusa kama kile kimya cha kwenye simu. Nilitaka kusoma lugha zinavyofanya kazi, na watu wanavyokosana ndani yake, kisha niende sheria nikiwa na hilo mkononi.

"Isimu ndiyo nini?" mama aliuliza.

"Kusoma lugha, mama."

"Kiswahili unacho. Kiingereza unacho. Unakwenda kusoma nini ambacho huna?" Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, kwa uchovu. "Hii ya tatu, Salma. Uchumi, uhalifu, sasa lugha. Na sheria yenyewe bado hujaigusa. Nitakuja kukuona wakili nikiwa mimi ndiye mzee wa kutunzwa."

Aliyoyasema yote yalikuwa kweli, na mwisho wa kubadilisha masomo ulikuwa wiki ile. Nikateremka chini kwa mara ya mwisho, nikagonga, nikarudi nyuma mpaka kwenye ngazi kama ilivyotakiwa.

"Umesema unataka kuacha kriminolojia," Mkalimani alisema nilipomaliza. "Umesema isimu. Umesema mama yako amechoka na wewe."

"Anti, nakuomba. Mara moja tu. Umewaona mawakili maisha yako yote. Niambie nakosea au sikosei."

"Umesema unaniomba," alisema. Nikaona macho yake juu ya barakoa yamelegea, kama mtu anayetaka kukaa chini. Kisha akafunga mlango, taratibu, na mimi nikaupiga teke ukuta.

Nilibadilisha peke yangu. Kwa muhula mzima sikumwamkia.

Mwaka uliofuata alihama, akaenda kuishi na bintiye Auburn, karibu na msikiti. Nilikuwa mjini kwa masomo alipoondoka, kwa hiyo hatukuagana. Mama Furaha alisema alimwachia birika na kiti cha uani.

Nilimwona tena nikiwa nimebakiza muhula mmoja. Watu wengi walikwisha kuvua barakoa, yeye bado alikuwa nayo, ameketi kwenye benchi la stesheni ya Auburn na mfuko wa bizari miguuni. Alikuwa amekonda. Nilimwamkia, akaitikia, akanivuta mtandio akaufunga upya kabla sijakaa.

Nikamwambia nimekubaliwa. Nikimaliza isimu naingia sheria mwaka ujao. Nafasi ninayo, nimeshaikubali na mimi.

"Alhamdulillahi," alisema, akanishika mkono na kuubana muda mrefu. "Umeshaikubali kabisa? Hairudi?"

"Hairudi, Anti."

"Basi nikwambie." Akashusha barakoa kidevuni. "Ulikosea. Ungesoma uhasibu."

Nilidhani sijasikia.

"Uhasibu," alirudia. "Mawakili wote niliowaona wakiaibika, waliaibikia kwenye hesabu. Mtu anasema vizuri kama kasuku, wanamwekea karatasi ya hesabu mbele, anageuka bubu. Hata kesi za ndoa, mwishowe ni hesabu. Lugha ungejifunza kwa Mama Furaha, bure. Tangu siku ile ya kwanza ulivyokuja mlangoni nilitaka kukwambia uhasibu."

"Na kwa nini hukuniambia?" Sauti yangu ilitoka juu, watu wakageuka. "Miaka mitatu, Anti. Nilikuomba. Nilikuomba kwenye ngazi."

"Ningekwambia, ungesoma uhasibu."

"Si ndivyo ulivyotaka?"

"Mimi nilitaka. Wewe je?" Akapandisha barakoa yake. "Wewe ungeitikia chochote siku zile. Ningesema ufinyanzi, ungekwenda kufinyanga. Sasa umeamua, umefunga, neno langu halina pa kuingilia. Ndiyo nasema."

Nilimwambia nina hasira naye. Akasema anajua. Treni yangu ya kwenda chuoni ikaingia, milango ikafunguka, nami nikasimama nusu ndani nusu nje, nikitafuta neno la mwisho la kumwambia, Kiswahili au Kiingereza, sikulipata. Yeye alikuwa ameshainama, anafunga mfuko wake wa bizari.

"Panda, mwanangu," alisema. "Utachelewa darasa."